Dramu za Githinji Hazina Dizeli

Saa nne asubuhi, Kesses nzima, karibu na Eldoret, imeinamia mahindi. Githinji peke yake ameketi. Yumo ndani ya stoo ya mawe iliyoachwa na mlowezi, vijiti viwili mkononi, anaichapa dramu kubwa kwa mguu hadi vumbi la ngano linadondoka kutoka darini.

"Wacha wasikie," anasema. "Leo nataka wasikie vizuri."

Wanaopaswa kusikia ni kamati ya kampuni iliyonunua shamba hili. Mchana watakuja na kufuli. Wameshamwambia atoe vyombo vyake, na bila stoo hii, bendi yake haina pengine pa kupigia.

Kisa chenyewe kinachekesha, ingawa kamati haicheki. Wanachama walipogawana shamba mwaka jana, 1970, Githinji alikubali kipande kidogo kuliko vya wenzake mradi aachiwe stoo. Akaulizwa ataweka nini humo. Akajibu, "Dramu." Mkutano ukapiga makofi. Kampuni haikuwa na mahali pa kuweka mapipa ya dizeli ya trekta lake, na huku pipa la dizeli nalo huitwa dramu.

"Walifikiri hatimaye nimekuwa mtu wa maana," anasema, akicheka hadi anafuta machozi. "Mimi sikudanganya. Hakuna mtu aliniuliza ni dramu gani."

Mzee Kinyanjui, mwenyekiti, hataki utani huo. "Tulinunua shamba tulime," anasema. "Huyu ametuletea kelele ya baa karibu na kanisa."

Githinji, mwenye umri wa miaka 41, alianza kwa kuosha glasi katika klabu ya wazungu mjini Eldoret. Bendi ya hapo ilipiga jazi na bluzi, naye akajifunza kwa masikio. Mpiga dramu wao aliporudi kwao Ulaya, wakamkalisha kwenye kiti kile. Kisha wakamtundikia pazia mbele yake.

"Walicheza dansi kwa mkono wangu, lakini sura yangu hawakuitaka," anasema, na hapo hacheki.

Uhuru uliondoa pazia lake. Wengine katika bendi yake bado wamefunikwa. Wamucii, muuza mboga sokoni, ana sauti ya bluzi inayomfanya mpita njia atue mzigo, lakini wenye baa hawataki mwimbaji mwanamke. Mahamud, dereva wa lori, hupiga udi, ala ya nyuzi ya Waarabu. Yeye huambiwa muziki wake ni wa wageni, na amezaliwa papa hapa Eldoret. Githinji amekwisha kuacha kazi katika baa mbili zilizowakataa.

"Niliambiwa niende niimbie jikoni," anasema Wamucii. "Kwani jikoni nitaimbia nani, sufuria?"

Adhuhuri kamati inafika. Githinji hainuki. Anamwashiria Wamucii kwa kijiti, Mahamud anagusa nyuzi, na Wamucii anaanza wimbo wake mwenyewe, wa mama aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho anunue shea ya kampuni ili apate shamba, akafa kabla ya kukanyaga shamba. Wanawake waliokuwa wakipalilia wanaacha majembe na kujaa mlangoni. Nduta, mke wa mwenyekiti, yuko mbele, shavu limelowa.

Mzee Kinyanjui anasimama na kufuli lake. Hawezi kufunga mlango bila kumsukuma mkewe.

"Jumamosi ijayo tutarudi," anasema hatimaye. "Na tutafunga."

"Karibu, Mzee," anajibu Githinji. "Siku hiyo tunapigia watu wote. Njoo na mama."

Wakishaondoka, anatafuta bisibisi. Anafungua skrubu za bawaba moja moja, na pamoja na Mahamud anaubeba mlango mzima hadi katikati ya stoo. Wanaulaza juu ya matofali mbele ya dramu. Wamucii anaupanda, anaukanyaga mara mbili kuujaribu, na uko imara. Hilo ndilo jukwaa lake la Jumamosi, mbele ya kila mtu.

"Sasa warudi na kufuli lao," anasema Githinji, akirudi kitini. "Watafunga nini?"