Binti wa Geita Aliyefumbua Macho

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mwuguzi mpya kwenye wodi ya watoto, Shinyanga. Mtoto akiletwa na kifua kikuu kilichopanda hadi kwenye utando wa ubongo, tulijua mwisho wake. Shingo ilikakamaa, fahamu zikapotea, na baada ya wiki mbili tatu mama alirudi kwao peke yake.

Kwa hiyo siku daktari alipotufungulia sanduku la streptomaisini, dawa ya kifua kikuu tuliyokuwa tukiisikia tu, moyo ulinienda mbio.

"Tutaanza na huyu," alisema.

Alikuwa binti wa miaka minne kutoka Geita, ambako baba yake alichimba dhahabu na kukohoa mwaka mzima. Mama yake alimleta kwa lori, wakalala njiani Kahama. Siku ya tano sasa mtoto hajafumbua macho.

Kila siku alichomwa sindano ya paja, na mara nyingine ya mgongoni. Mimi ndiye niliyemkunja na kumshikilia. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, homa ikashuka. Sikuthubutu kumwambia mtu ninachowaza.

Asubuhi moja nilikuwa namsafisha kinywa kwa kitambaa, akakiuma. Nikavuta, naye akavuta! Akafumbua macho, akasema wazi kabisa, "Mayu." Kwao ndivyo wanavyomwita mama.

Nilitoka mbio hadi kwenye bomba, mama yake alikokuwa akifua.

"Mama, njoo! Anakuita!"

"Nani?"

"Mwanao!"

Alikuja na povu mikononi. Wodi nzima ilipiga vigelegele, na daktari akawa anacheka huku anafuta miwani.

Mwezi wa tatu wa matibabu niliangusha beseni nyuma ya yule binti. Watoto wote walishtuka, yeye akaendelea kucheza. Daktari alimpima, akasema masikio yamekufa. Huenda ni ugonjwa, huenda ni dawa yenyewe. Nilikwenda kumweleza mama yake.

"Nimeshajua, nesi," alinijibu. "Nimemwita siku nyingi, hageuki. Lakini anakula, anacheka. Mimi nilikuja hapa na shuka la kumzikia."

Siku ya kuondoka, miezi mingi baadaye, binti alikataa kubebwa. Alikwenda kwenye lori kwa miguu yake, mguu mmoja ukiburuta kidogo, nasi tukimpungia kama wendawazimu.

Mchana huohuo aliletwa mtoto mwingine, shingo imekakamaa. Nilimlaza, nikakimbilia kabati la dawa.