Chumba changu katikati ya Korogwe, na kufuli niliyomfungia Bibi

Wakuu, salaam kwa kila mmoja kwa umri wake.

Nimesoma mnavyobishana humu kuhusu kupanga katikati ya mji au pembeni. Nikacheka mpaka mjukuu akaniuliza, "Babu, vipi?"

Nami nina yangu. Ni ya enzi za Ujamaa, lakini yalinikuta mwenyewe, na uzeeni hapa sina haja ya kuongeza chumvi. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia kwenye uandishi.

Mimi ni Mzigua wa Kang'ata, Handeni. Ujanani nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo. Leo nataka kuwa mtangazaji wa redio, kesho dereva wa treni.

Nilianza kwa kukata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Kule unapewa kipande, kadi ya kuhesabia siku zako za kazi. Ukiwa nacho wewe ni mfanyakazi, hakuna wa kukusumbua.

Sikumaliza hata kipande kimoja. Kila Jumapili nikienda mjini naona watu wamekaa barazani, wamevaa viatu, redio inaimba. Nasema Mungu wangu, mimi ni wa hapa.

Nikaacha mkonge. Nikapata chumba.

Wakuu, location! Mtaa wa sokoni, nyuma ya duka la vitambaa. Bomba uani. Taa ya umeme. Treni ikipiga honi unavaa shati taratibu na bado unaiwahi.

Rafiki zangu walipanga Kilole, pembeni ya mji, wakati ule mahindi yanafika dirishani. Nikawa nawatania, "Nyie mnaishi mjini au mnalinda nguruwe?"

Nyumbani nilituma salamu kuwa nafanya kazi reli. Ukweli ni kwamba nilibeba mizigo ya abiria stesheni. Kibarua cha siku, hakina karatasi.

Sasa vijana msioijua enzi ile: watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na mjini asiye na kazi inayojulikana aliitwa mzururaji. Mgambo wakikukuta, unapandishwa lori ukalime.

Na kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Mpangaji mpya unakwenda kwake unaandikwa kwenye daftari. Mgeni naye vilevile.

Wa kwetu alikuwa mama wa Kisambaa, mnene, anauza ndizi mlangoni kwake, mlango wa tatu kutoka kwangu. Tulimwita Mama Balozi.

Sikwenda. Niliogopa ataniuliza kazi. Nikajipa moyo kuwa katikati ya mji watu ni wengi, hawajuani. Nikipita mbele yake nageuza uso kama naangalia saa, na saa sina.

Miezi saba, wakuu.

Ndipo akaja Bibi, mzaa mama, kutoka Kang'ata. Jicho moja halioni kabisa, la pili linatoa machozi. Nilifurahi kumuona, halafu nikaogopa. Nilishasikia kuwa kwetu watu wanahamishwa na nyumba zinabomolewa. Nikajua Bibi ametoroka.

Alianza, "Mjukuu wangu, nimekuja na..."

Nikamkatiza. "Bibi, usiseme kitu. Hapa kuta zina masikio."

Siku ya tatu nikaona mgambo wawili sokoni wanauliza watu vitambulisho. Kuanzia hapo nikawa namfungia Bibi kwa nje, kufuli, ili mtu akipita ajue hakuna mtu ndani. Namwachia maji, uji na ndoo.

"Kwetu hufungiwa mbuzi," aliniambia.

Nilimbembeleza. Nikamwambia ni siku chache tu, nitampeleka hospitali. Lakini kumtoa nje sikuthubutu. Nilikuwa nabeba mizigo ya watu huku masikio yako mtaani. Mtu akiniita kwa nyuma, mkojo unataka kutoka. Chumba nilichokiota usiku na mchana kimegeuka mtego, na aliye ndani ni mama wa mama yangu.

Wiki ya pili, asubuhi ya saa nne, niko stesheni na gunia begani. Mwenzangu mmoja anapita mbio. "Wameanza mtaa wa sokoni! Nyumba kwa nyumba!"

Gunia nikalitua. Mwenye gunia ananitukana, simsikii.

Wakuu, nafasi ya kukimbia nilikuwa nayo. Njia ya Kilole hiyo hapo, mahindi yamekomaa, naingia humo hanioni mtu mpaka jioni. Nilipiga hatua kama tano kuelekea huko.

Nikamuona Bibi akilini. Wanavunja mlango, haoni vizuri, hajui ni nani.

Nikageuka.

Nafika, mgambo watatu wako mlangoni kwangu, mmoja kashika kufuli. Mama Balozi kasimama pembeni na daftari lake.

"Funguo unayo wewe?" mgambo akauliza.

Nikafungua. Bibi kakaa kitandani, kajitanda khanga, katulia kabisa.

Nikapiga magoti. "Afande, huyu ni bibi yangu, haoni, msimchukue, makosa ni yangu..."

"Wewe Mzigua, nyamaza kwanza," Mama Balozi akasema. Akafungua daftari. "Bibi yumo. Barua ya ruhusa ya kijiji chake nimeiona, amekuja kutibiwa macho."

Nikamgeukia Bibi.

"Siku ya pili ulipotoka, nilipapasa ukuta mpaka kwake," akasema. "Nimeingia mtaa wa watu, nisisalimu? Barua nilitaka kukuonyesha, ukaniambia ninyamaze."

"Na huyu kijana?" mgambo akauliza.

Mama Balozi akapekua kurasa taratibu. Akaniangalia kwa huruma.

"Huyu hayumo."

"Mama, mimi nabeba mizigo stesheni," nikasema.

"Najua. Wabeba mizigo wanne nimewaandika humu, na kazi yao nimeitaja. Wewe mtani wangu miezi saba unanipita kama ndizi zangu zinanuka. Niandike nani, na jina hukunipa?"

Mgambo akanishika mkono.

Lori likanipeleka kijiji kimoja upande wa Kabuku, nikalima mahindi misimu miwili. Bibi akabaki katikati ya mji. Mama Balozi alimshika mkono kumpeleka hospitali, na jioni walikaa wote barazani wakitaniana. Aliporudi Kang'ata jicho moja linaona, na mtaa ule aliujua kwa majina.

Mimi niliyekaa miezi saba sikumjua hata mmoja.

Funzo langu ni hilo. Ukihamia mahali, pazuri au pabaya, nenda kajitambulishe kabla hujatundika pazia. Na mgeni wako mwache amalize sentensi.

Ile kufuli bado inaniuma. Bibi alinisamehe, alikuwa akicheka kila akiisimulia, mimi sicheki.

Haya, nanyi leteni yenu. Walioishi mjini enzi hizo, au mliosimuliwa na wazee wenu, nawasoma hapa chini.