Hajambo ya Mamangu

Mamangu, Mola amzidishie umri, hajawahi kumwambia mgeni kwamba nyumbani kwake kuna shida. Hata mvua ilipotoboa paa tukawa tunakula pembeni ya beseni la kukinga maji, jirani aliyeuliza habari alijibiwa kuwa ni njema. Kwetu Jomvu Kuu ndivyo tulivyolelewa: ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu, basi.

Mimi ni karani wa kutoa mizigo bandarini, Kipevu, na kazi hiyo inanipa bima. Binti yangu ana miaka saba. Alizaliwa na ulemavu wa viungo: mgongo hausimami, shingo hulegea akichoka, ila ulimi mzima kabisa. Shule ilikubali kumpokea mwezi wa Januari kwa sharti moja, awe na kiti cha magurudumu chenye mikanda na egemeo la shingo. Bila kiti, abaki nyumbani mwaka mwingine. Nikapeleka barua ya daktari na fomu, wenye bima wakasema watamtuma afisa aje kumwona mtoto.

Siku ya afisa, kontena lilinikwamisha kazini. Mamangu akampokea peke yake, kwa heshima ya mtu aliyekuja kuposa. Alimvisha mjukuu gauni la Idi, akampaka wanja, akamkalisha kwenye kochi na kumbana kwa mito mitano, kisha akaifunika mito kwa leso ili isionekane. Mtoto akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Sambusa zikaja, sharbati ikaja.

"Mtoto hajambo?" afisa akauliza.

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Hana taabu ya kukaa?"

"Hana taabu na mtu. Mtoto mwema, mashallah."

Baada ya wiki mbili nikapata barua: mtoto anakaa bila msaada, ombi limekataliwa. Nilikasirika, sitaficha. Nikamsomea mamangu barua yote, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Ulitaka nimseme mjukuu wangu kwa mtu nisiyejua hata kwao ni wapi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi iliyomleta."

"Mbele ya mtoto mwenyewe?"

Nikaikunja barua. Mimi ile fomu niliijaza ofisini, mbali na macho ya binti yangu, na sasa nilijua kwa nini. Nikaona haya.

Nikakata rufaa. Akarudi afisa yule yule, nadhani sambusa zilimvuta kidogo. Safari hii niliomba ruhusa kazini nikakaa papo hapo. Gauni la Idi lilibaki kabatini, na mito niliificha mimi. Mtoto alikuwa mkekani, kaegemea paja la bibi yake.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi," akasema mamangu. Nikafumba macho. "Hiyo ni salamu, mwanangu. Kunywa chai kwanza, kisha uulize."

Afisa akanywa chai. Mamangu akamwinamia mjukuu wake. "Nataka kukusema kidogo mbele ya mgeni. Waniruhusu?"

"Nakuruhusu, bibi. Niseme tu."

Akamsema. Alieleza shingo inavyoanguka, na anavyoishika kwa kiganja kimoja huku kingine kikisonga ugali. Alieleza chakula kinavyompalia mtoto asipokaa sawa. Mwisho akataja mgongo wake yeye, kwamba umekwisha kwa kumbeba, na asubuhi nyingine huinuka kwa kushika ukuta. Hilo la mgongo mimi mwanawe nilikuwa silijui. Kila jioni nilimuuliza hali, naye kila jioni alinijibu. Machozi yalinitoka mbele ya afisa wa bima, na sikujali.

Alipoinuka kuaga, afisa akamshika mtoto mkono. "Na wewe mama, hujambo?"

"Sijambo," binti yangu akasema. "Lakini usiandike."

Hakuandika. Kiti kilifika siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na mamangu akakitandikia leso mpya kabla hata sijamaliza kufungua mikanda.

Siku hizi nikirudi kutoka kazini nampa shikamoo, namuuliza hali, ananijibu njema, alhamdulillahi. Nakaa, nakunywa chai yangu yote. Kisha namuuliza mgongo.