Unafufua Nani?

Wapo watu wa kuhadithia mambo waliyoyasikia kwa shemeji wa jirani. Mimi si mmoja wao. Haya yalinikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Masumbwe, jua likiwa bado linaonekana, na sikuwa nimeonja hata funda moja la pombe. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka, nami huwaacha wamalize ndipo niendelee.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi zile za kupanga foleni ya sabuni. Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyobebea pamba ya wakulima. Ndiyo niliyompakia mke wangu, Kabula, siku mimba ilipomharibikia na damu ikakataa kukata. Tulikuwa tunaelekea hospitali. Katikati ya pori injini ikanoki. Iligonga, ikakaza, ikazima. Nilimshusha nikamketisha kando ya barabara, ameegemea mti, kisha nikasimama katikati ya njia kungoja gari lolote. Halikupita. Kabula akafa pale pale, ameketi.

Msibani sikulia. Watu wakanisifu kwamba mwanamume huyu ana moyo. Moyo upi? Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Chakula nilikula, salamu niliitikia, na padri aliposema kazi ya Mungu haina makosa, nikasema ni kweli. Ukiniuliza nilikuwa nafikiria nini, nitakuambia bila aibu kwamba nilikuwa nafikiria ile injini.

Matanga yalipokwisha, nikaomba vijana wa jirani wanisaidie kuishusha kutoka kwenye pikapu, iliyokuwa imeshavutwa hadi nyumbani. Nikaifungua yote juu ya turubai, uwanjani mbele ya nyumba, nikakiosha kila chuma kwa mafuta ya taa. Ndani nikakuta pistoni moja imepasuka, na ya kubadilishia haikupatikana Masumbwe, Kahama wala Shinyanga mjini. Siku hizo gari lilipona kwa gari jingine kufa. Ulingoja la mwenzio liharibike kabisa, ndipo upate kipuri. Nililijua hilo vizuri, lakini niliendelea kuosha vyuma ambavyo vilishakuwa safi.

Sasa sikiliza neno hili, maana ndilo lililoniponza. Injini ikifa, sisi mafundi wa kwetu hatusemi tunaitengeneza. Tunasema tunaifufua. Basi kila mpita njia aliyeniuliza, "Baba Minza, unafanya nini hapo?" nilimjibu, "Nafufua." Dada yangu Holo, aliyekuja kukaa nasi, mimi na binti yangu Minza, hakulipenda hata kidogo.

"Neno hilo usilitamke kwenye nyumba ya msiba," aliniambia. "Hata nywele tulizonyoa hazijaota."

"Nasema injini, Holo."

"Wewe unajua unasema injini. Anayesikia, je?"

Sikumjali. Sikujali kitu chochote siku zile.

Jioni moja Holo alikuwa ameenda kuchota maji, Minza yuko ndani. Mtu mmoja aliyejitanda shuka akaingia kwenye uwazi wa ua wetu wa minyaa, amejaa vumbi jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikadhani ni mchimbaji wa dhahabu anatoka Nyarugusu. Wachimbaji walikuwa wakipita hivyo hivyo, vumbi mpaka kwenye kope. Akanisalimu, "Mwangaluka."

Kwa wasiojua Kisukuma, hiyo ni salamu ya asubuhi. Jioni tunasema mwadila, na hata mtoto anayejifunza kuongea hakosei. Na jua lilikuwa linazama mbele ya macho yetu! Lakini tangu msiba, asubuhi na jioni kwangu vilikuwa kitu kimoja. Nikaitikia, "Mwangaluka," nikamwonyesha dumu akalie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, au siyo?

"Unafanya nini, Baba Minza?"

"Nafufua."

"Unafufua nani?"

Niamini, hata hapo sikushtuka. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni na sokoni, na kuchanganya nani na nini si ajabu. Niliona ni ulimi tu umeteleza. Nikamwonyesha injini kwa spana. "Huyu hapa."

"Huyo si yeye," akasema. Akaingiza mkono ndani ya shuka lake, akatoa pistoni.

Nikaipokea. Ilikuwa ya moto, kama imetoka kwenye injini iliyozimwa sasa hivi. Nikaitia kwenye silinda iliyokuwa tupu, ikateleza yenyewe ikakaa. Fundi yeyote atakuambia hilo haliwezekani, kwa sababu ringi zinazoizunguka lazima uzibane kwanza. Je, nilimuuliza ameitoa wapi? Sikumuuliza. Mikono ilikuwa inafanya kazi, kichwa kimekaa pembeni.

"Gari hufufuliwa kwa kipuri cha gari jingine," akasema. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na mtu ni hivyo hivyo. Mkeo nimemwacha barabarani, ameketi, anangoja gari. Nikimleta, mmoja wa humu ndani atoke."

Wakati ule ule Minza akatoka na kikombe cha maji ya mgeni. Alikuwa wa darasa la kwanza. Akapiga magoti kama mama yake alivyomfundisha, akasema, "Shikamoo."

Yule mtu hakusema marahaba. Alinyoosha mkono polepole kuelekea kichwa cha mtoto, vidole vimepanuka, kama fundi anayepima kitu kabla ya kukichukua.

Nilijua ninapaswa kuogopa. Nikaitafuta hofu ndani yangu, sikuipata. Nilichojua ni kwamba mkono ule usifike pale. "Mwache," nikasema. "Toa kwangu."

Akaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa. "Kwako nitatoa nini? Wewe umeshafunguliwa vipuri vyote."

Hakuwa ananitukana, alisema alichokiona. Na tusidanganyane, nilimtaka Kabula. Pistoni ilikuwa imeshakaa mahali pake, na nilikuwa na uhakika kwamba anaweza kumleta. Lakini Minza alikuwa bado amepiga magoti, kikombe mkononi. Nikapitisha mkono chini ya silinda, nikaisukuma ile pistoni ikatoka juu, nikaishika kwa kiganja kitupu. Ngozi iligandana na chuma. Sikusikia maumivu. Nikamtupia mapajani.

"Mimi sifufui mtu," nikamwambia. "Nilikuwa natengeneza gari, na hilo nalo sasa basi. Nenda."

Akasimama, akaifunga pistoni yake ndani ya shuka. Hakugeuka moshi, wala hakupaa. Alitoka kwa mwendo wa mchuuzi aliyekosa mteja.

Minza akaniangalia. "Baba, na yule mwingine hanywi maji?"

"Mwingine yupi?"

"Mama. Si yule pale?"

Nikageuka. Nje ya minyaa, upande wa barabarani, Kabula alikuwa amesimama, amejifunga kanga tuliyomzikia. Hakuita, hakusogea. Aliinua mkono akaupunga kwenda kando, vile mtu aliyesimama barabarani anavyomwashiria dereva asisimame: pita, mimi sisafiri. Akaupunga tena. Halafu pakabaki minyaa tu.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka Holo akanisikia njiani, akatupa ndoo yake na kuja mbio, akidhani mtoto amekufa. Nilipomweleza hakubisha. Aliketi chini kwenye turubai, katikati ya vyuma, akalia na yeye.

Ile injini sikuifunga tena. Vyuma vilichukuliwa na wafua majembe, na bodi ya pikapu ipo mpaka leo, kuku wanatagia ndani. Kiganja changu cha kulia hakisikii moto wala baridi. Naipua sufuria jikoni kwa mkono mtupu, na wajukuu wanadhani ni mazingaombwe. Minza yuko Geita, ana watoto wake. Sura ya mama yake anayoikumbuka ni ya jioni ile tu, na anaamini mama alikuwa anampungia mkono wa kwaheri. Sijamsahihisha.

Basi nawe, kama una gari bovu uwanjani, litengeneze, ni mali yako. Lakini ukiwa na msiba, na mtu akikuuliza unafanya nini, sema unatengeneza. Sema unagusagusa tu. Neno lile liachie gereji, mchana, kwenye kelele za nyundo. Kwenye nyumba iliyofiwa wapo wanaolisikia, na vipuri wanavyo.