Sanduku la Bwana Tuohy

Delia Mulkerrin aliwashuku watu wengi, lakini hakuna aliyemshuku kama Bwana Tuohy wa Dublin, aliyekuja kijijini kwao Connemara kuandika maisha ya mshairi Colm Devane.

Mshairi huyo alikutwa amekufa kwa baridi nje ya nyumba ya akina Delia. Usiku ule mlango ulibishwa mara tatu, na kwao hodi tatu bila sauti ya mtu ni kifo kinaita, hufungui ng'o. Delia, mtoto wakati huo, aliona kwa macho yake: baba yake, mzee Festy, alitaka kufungua, mama akauegemea mlango akisali rozari. Kijiji kikamlaumu Festy.

Miaka baadaye Tuohy alipobisha, Delia, sasa msichana mkubwa, alimnunia. Hakumpa chai, na Connemara hata mtoza kodi hupewa chai. Festy akamtuma binti yake akakamue ng'ombe, kwa hiyo mazungumzo yao hakuyasikia. Kitabu kilipotoka hakikumtaja Festy hata kidogo. Delia akazidi kushuku. Huyu kabakiza sumu yake, alijiambia, ipo siku ataimwaga.

Tuohy akafa, makaratasi yake yakapelekwa maktaba ya Galway. Delia, ambaye sasa ni bibi kizee, akavaa koti la kanisani akapanda basi. Gráinne, mtunza maktaba, akamwekea sanduku mezani.

"Umeshayasoma wewe?"

"Mimi nayapanga tu, mama."

"Wapangaji! Ninyi ndio wasomaji wenyewe."

Akapekua mpaka akaliona jina la baba yake, na maneno yake: "Mke wangu alitaka kufungua. Mimi ndiye niliyemzuia. Andika hivyo."

"Mwongo!" Delia akafoka.

"Nani, Bwana Tuohy?"

"Baba yangu."

Siku ile Tuohy alipokuja, mama yake alikuwa chumba cha pili, mgonjwa wa kufa. Chini ya maneno hayo Tuohy aliandika kwa penseli: "Simwamini. Anamkinga mtu. Haya hayaingii kitabuni, nyumba hii imeteseka vya kutosha."

Delia akairudisha karatasi sandukuni taratibu.

"Alikuwa akija hapa, huyu Tuohy?"

"Miaka yote, mama."

"Mlikuwa mnampa chai?"

"Kila akija. Ya maziwa, sukari tele."

"Afadhali," Delia akasema, akajifuta macho kwa mkono wa koti.