Vibao vya Kumbukumbu Kwenye Gunia la Newala

Nilifunga safari kwa sababu ya barua ya shangazi yangu, Mama Tumaini wa Mkunya, Newala. Alitaka kufungua ofisi ya kuchapa barua, na mtaji wake wote, pesa za korosho za msimu mzima, alikuwa amenunulia vibao kumi na viwili vya kumbukumbu, vile vipande vyembamba kama rula vinavyoiwezesha kompyuta kukumbuka kazi iliyo mbele yake, aviuze bei ikipanda apate kompyuta. "Wewe uko duka la kompyuta," aliandika. "Njoo uniambie bei itapanda lini." Nami nilijua bei inashuka kila mwezi.

Alfajiri, Dar es Salaam. Nilipanda basi nikiwa na habari mbaya mfukoni na furaha isiyo na adabu moyoni. Tulilisukuma kwenye matope, tukaimba, tukalisukuma tena. Siku ya tatu milima ya mawe ya Masasi ikajitokeza, mikubwa, mitupu, nikataka kuipigia makofi.

Newala, adhuhuri, ukungu bado umekaa njiani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda! Haya, bei?"

Akanipeleka chumba cha korosho. Vibao vilikuwa ndani ya gunia, vimezungushiwa mkaa visipate unyevu. Tangu biashara ya korosho iwe huria, wanunuzi walipishana mlangoni, na mkulima aliyeshikilia korosho zake ndiye aliyecheka mwisho. Shangazi alikuwa anashikilia.

"Viwandani wanatoa vipya kila siku," nikasema. "Vinabeba mara mbili, kwa bei ndogo. Vyako vinazeeka humu guniani."

Akatoa kibao kimoja, akakipangusa mkaa. Nikaona ofisi yake inakufa kabla haijazaliwa.

"Kumbe hii si korosho," akasema. "Hili ni bibo, tunda la mkorosho! Limeiva leo, kesho limeoza. Twende Masasi!"

Masasi, asubuhi iliyofuata. Fundi Issa, mtengeneza kompyuta, alipima kibao kimoja kimoja. Vyote vizima! Alikubali kuvichukua, na badala yake atoe kompyuta iliyotumika yenye kioo kinene, pamoja na printa kuukuu. Akiongezewa pesa, kioo bapa. Shangazi akachungulia nyuma ya kile bapa.

"Mwenzake ana kitambi. Huyu chake kakiacha wapi?"

Duka zima likaangua kicheko.

"Ndiko dunia inakoelekea, mama," fundi akasema. "Vyembamba, vinakula umeme kidogo. Mwakani vitashuka bei."

"Basi tutaonana naye mwakani. Nipe mwenye kitambi. Wateja wangu watasoma karatasi, hawatasoma kioo."

Saa nane mchana tuliagana stendi, yeye akirudi Newala, mimi Dar. Nilikuwa nimekwenda kumfundisha mwenendo wa bei, nikarudi nimefundishwa mimi: kinachoshuka thamani hakitunzwi, kinafanyishwa kazi. Alipakata kioo chake kwenye pikapu, amekifunga kwa kanga, akapaza sauti juu ya mungurumo:

"Ukija tena usiniulize kimebaki bei gani. Niulize kimechapa barua ngapi!"