Ndege Iliyopiga Magoti

Leo asubuhi, nje ya stesheni ya treni ya Gare du Midi, huku ugenini, basi lilishusha pumzi na kuinama upande wa mlango ili bibi mmoja apande na kigari chake cha soko. Harufu ya mafuta ya moto ikanipata. Nikasahau kupanda.

Ndege iliyonitoa nyumbani nikiwa mtoto ilikuwa kuukuu, iliyoundwa na Waingereza, ya mizigo na watu pamoja. Ikipakiwa ilikunja miguu ya magurudumu, mkia ukashuka mpaka mlango wa nyuma ukagusa majani. Mama na mimi tuliketi juu ya magunia ya maharagwe. Mpima mizigo akaja.

"Bon, maman, kilo zimepita. Muntu moja tu."

Mama akanishika kichwa. "Funga macho tuombe, mutoto wangu. Ona, hata ndege imepiga magoti."

Nikafunga. Niliomba kwa maneno yote niliyoyajua. Nilipofumbua, ndege ilikuwa imeinuka, mlango umefungwa, na gunia la pembeni yangu bado lina joto la mama.

Kanisani kwetu hapa mjini, mtaa wa Laeken, wananiona sina adabu. Wote wakiomba, mimi sifungi macho.